Sheria ya Umeme Isipite Juu ya Vichwa Vyetu

Ndugu vijana wa parokia zetu za Kailo na Kindu,

Kuna usemi unaozunguka katika mikutano yetu, nao tunaukataa tangu mstari huu wa kwanza: kwamba sheria ya umeme ni shauri la wabunge na wahandisi wa Kinshasa, na kwamba kijana wa Kailo, ambaye mbele ya nyumba yao haupiti hata waya mmoja, hana neno la kusema juu yake. Sisi twasema kinyume. Mwenye kukaa gizani ndiye wa kwanza kupaswa kuulizwa habari za taa. Anayelala Gombe na feni ikizunguka usiku kucha aweza kuiacha sheria ipite bila kuisoma. Kwetu kila kifungu kilichoandikwa vibaya ni miaka mingine ishirini ya mazutu na koroboi.

Wala hatuombi hisani. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 48, yaweka pamoja haki tatu: makao yenye heshima, maji safi ya kunywa, na nishati ya umeme. Yasema kwamba haki hizo zimehakikishwa, na kwamba sheria itapanga namna ya kuzitumia. Katiba imekwisha kuamua kama tunastahili umeme au la. Kilichoachiwa wabunge ni namna tu, na yeyote anayeigeuza namna hiyo kuwa sababu ya kuahirisha haki yenyewe anaipinda Katiba aliyoapa kuilinda.

Tuitazame sasa hiyo namna. Tangu mwaka 1970 kampuni ya taifa, SNEL, ilikuwa karibu peke yake katika kuzalisha, kusafirisha na kuuza umeme. Tarehe 17 Juni 2014 ikatangazwa Sheria namba 14/011 juu ya sekta ya umeme, nayo ikaufungua mlango: watu binafsi, makampuni na majimbo wakaruhusiwa kuingia. Sheria hiyo ilihitaji vyombo viwili ili ifanye kazi, yaani mamlaka ya kusimamia sekta, ARE, na wakala wa kupeleka umeme vijijini na pembezoni mwa miji, ANSER. Amri za kuviunda zilitiwa sahihi Aprili 2016, karibu miaka miwili baadaye, na viongozi wake waliteuliwa mwaka 2020. Katikati, Desemba 2018, sheria yenyewe ilikuwa imekwisha kurekebishwa mara moja. Kisha Januari 2025, katika mkutano wa wakuu wa nchi uliofanyika Dar es Salaam, serikali yetu ikaahidi mbele ya Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika kwamba ifikapo mwaka 2030 asilimia 62 ya Wakongomani watakuwa na umeme, badala ya asilimia 21 hivi ya sasa. Ahadi ya namna hiyo haitimizwi bila kuzigusa tena sheria. Kalamu itachukuliwa tena, na kalamu hiyo ndiyo inayotuhusu.

Kwanza tuiseme hesabu ya asilimia 62, kwa maana ndani yake mmejificha mtego ambao wengi hawauoni. Asilimia ya taifa ni wastani. Kinshasa peke yake ina watu wanaozidi milioni 15. Ongeza Lubumbashi, Mbuji-Mayi, Kananga, Kisangani, Goma na Bukavu, kisha vituo vya uchimbaji wa shaba, na utaona kwamba serikali yaweza kuikaribia sana hesabu yake bila kupitisha nguzo moja kwenye barabara ya Kailo. Itakuwa imesema kweli, na sisi tutakuwa gizani. Hata asilimia 21 ya leo yadanganya kwa namna hiyohiyo: hesabu za Benki ya Dunia juu ya vijiji vya Kongo zimekuwa zikizunguka asilimia 1. Mtu mmoja katika mia! Wale wengine ishirini wanaofanya hesabu ipendeze wanakaa mijini. Kwa hiyo tunadai kwamba sheria itakayorekebishwa isiandike lengo la taifa pekee. Iandike kiwango cha chini kwa kila jimbo, na ndani ya kila jimbo kiwango cha chini cha vijijini, pamoja na tarehe. Waziri atakayekwenda mbele ya Bunge kutoa taarifa asiweze kuwaficha watu wa Maniema nyuma ya watu wa Kinshasa.

Wapo watakaotwambia tusubiri Inga. Tumeambiwa hivyo tangu kabla ya wazazi wetu kuoana. Inga ya kwanza ilianza kazi mwaka 1972 na ya pili mwaka 1982, na zote mbili zilijengwa kwa uwezo wa megawati 1,775 hivi. Kutoka huko ukavutwa waya hadi Kolwezi, kilomita karibu 1,700, kwa mikopo ya kigeni ambayo taifa lilihangaika nayo miaka mingi. Waya huo unapita juu ya vijiji visivyohesabika katika nchi nzima. Umeme unaopita ndani yake ni wa mkondo mnyoofu, wa nguvu kubwa mno, usioweza kuchotwa njiani bila kujenga kituo cha gharama kubwa cha kuugeuza. Vituo hivyo vilijengwa mwanzo na mwisho. Katikati hakuna. Mama anayelima mihogo chini ya nguzo zile anausikia umeme ukivuma juu ya kichwa chake, jioni anarudi nyumbani kuwasha kuni. Mtu asiseme kwamba hilo lilikuwa jambo la ufundi tu. Ufundi hujibu swali uliloulizwa, na swali lililoulizwa lilikuwa: umeme ufikeje migodini? Hakuna aliyeuliza juu ya yule mama.

Na Inga ya tatu, hata ikijengwa kesho, itatufikaje? Mtandao wa Inga haufiki Kindu. Kati yake na sisi kuna msitu na mito mamia kwa mamia ya kilomita. Twaitakia nchi Inga ya tatu, tena kwa moyo. Lakini anayeitaja kila tunapotaja Kailo anatafuta njia ya kutonyamazisha dhamiri yake kwa tendo bali kwa ahadi.

Maniema tunayo historia yetu wenyewe, nayo haina haja ya kwenda kutafutwa mbali. Jirani zetu wa Kalima, katika teritware ya Pangi, wana mtambo wa maji wa Lutshurukuru. Ulijengwa zama za ukoloni na kampuni ya Symétain, iliyochimba kasiteriti. Mtambo ule ulithibitisha jambo moja kubwa: kwamba mito yetu yaweza kutoa umeme, kwamba haitupasi kungoja mto Kongo ufike baharini ndipo tuwashe taa. Lakini ulijengwa kwa ajili ya mgodi. Mgodi ulipostawi, umeme ulistawi. Mwaka 1976 makampuni ya bati yakaunganishwa kuwa Sominki. Mwaka 1985 bei ya bati ikaanguka duniani kote, kampuni ikadhoofika hadi kuvunjwa mwaka 1997, na mambo ya umeme yakafuata njia ya mgodi. Umeme unaozaliwa na mteja mmoja hufa pamoja na mteja huyo. Bati ya ardhi hii ingali inahitajiwa. Ndiyo inayounganisha vipande ndani ya simu mnazoshika na ndani ya paneli za jua zinazosifiwa katika mikutano ya kimataifa. Makampuni yatakuja tena, na yatahitaji umeme. Je, sheria mpya itawapa kibali cha kuzuia mto, kuweka turbini na kuvuta waya hadi kwenye shimo lao, kisha basi?

Hapa ndipo tunapotaka kifungu kilicho wazi. Kila anayepewa kibali cha kuzalisha umeme kwa maji ya mto wa Maniema, awe mchimbaji madini au mfanyabiashara, alazimishwe kutenga sehemu ya umeme huo kwa ajili ya vijiji vya jirani, kwa bei iliyokubaliwa na mamlaka ya usimamizi, kabla hajawasha mashini yake ya kwanza. Na sehemu ya malipo anayolipa kwa dola irudi pale maji yanapoanguka.

Tunajua watakavyojibu: «Mwekezaji hatakuja akiwekewa masharti.» Jibu hili lilitolewa pia mwaka 2018, Kanuni ya Madini ilipokuwa inarekebishwa. Makampuni makubwa yalipinga kwa nguvu. Sheria ikatangazwa tarehe 9 Machi 2018 vilevile, ikigawa mrabaha wa madini hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa sekta, sheferi au mji ambamo uchimbaji unafanyika, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Je, wachimbaji walikimbia? Shaba inayotoka nchini imeongezeka tangu hapo, hata Kongo ikahesabiwa ya pili duniani kwa kuizalisha. Kenya nayo, ilipoandika upya Sheria ya Nishati mwaka 2019, iliugawa mrabaha wa mvuke wa ardhini: asilimia 75 kwa serikali ya taifa, 20 kwa kaunti, 5 kwa wenyeji wa mahali. Asilimia 5 si nyingi, lakini imeandikwa, na kilichoandikwa chaweza kudaiwa mahakamani. Kama jiwe lililo ardhini lina mgawo wa wenyeji katika sheria zetu, kwa nini maji yanayopita juu ya ardhi hiyohiyo yasiwe nao ulio wazi namna hiyo?

Hata hivyo haki yatudai tumsikilize mwekezaji pale anaposema kweli. Kijiji cha Kailo ni mteja mdogo. Familia ina taa tatu, simu mbili, labda redio. Haitamlipa mtu gharama ya nguzo, transfoma na mafundi wa kutoka mbali. Soko peke yake halitaleta waya hapa, na sheria ya 2014, kwa kadiri ilivyolitegemea soko, ilitegemea miguu isiyoweza kutembea katika matope yetu. Maporomoko ya Kivu ya Kaskazini yalipata bahati: mtambo wa Matebe, wenye megawati zipatazo 13, ulizinduliwa Desemba 2015 katika Rutshuru, kwa fedha nyingi za wafadhili waliovutwa na mbuga ya Virunga, na jirani kuna mji wa Goma wenye wanunuzi. Sisi hatuna sokwe wa milimani wa kuwavutia wafadhili. (Tunao tausi wa Kongo msituni, lakini bado hajatuletea megawati.)

Tanzania ililitambua tatizo hilo mapema. Sheria yao ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005 iliunda wakala na pamoja nao mfuko, na mfuko ule ukapewa chanzo cha fedha cha kudumu: tozo juu ya umeme unaouzwa, na baadaye tozo juu ya mafuta ya magari. Mtu wa Dar es Salaam anapojaza petroli anachangia nguzo ya kijiji asichokijua. Mwanakijijini ameunganishiwa umeme kwa shilingi 27,000 za kwao. Leo Tanzania inatangaza kwamba vijiji vyake karibu vyote vimefikiwa. Kufikiwa kijiji si kufikiwa kila nyumba, hilo linajulikana, nao umeme hukatika huko kama kwingine. Lakini tulinganishe: wao walikuwa na sheria yenye mfuko wenye bomba, sisi tumekuwa na wakala anayengoja bajeti ya kila mwaka na wafadhili wa kila msimu. Katika kurekebisha sheria, tozo ya kudumu kwa ajili ya vijiji iandikwe ndani ya sheria yenyewe, wala isiachiwe amri ya baadaye. Tumekwisha kuona amri huchukua miaka mingapi.

Na wale wanaotuambia tununue paneli? Tumenunua. Nyingi zimetusaidia kuchaji simu na kusoma usiku, nasi hatuzidharau. Nyingine zilikuwa bandia, zikafa kabla ya msimu wa mvua kwisha, na betri zake zimetupwa mitaroni ambako watoto wanachezea risasi iliyomo. Sheria nzuri ingeweka viwango vya ubora mipakani na ingesema nani anazirudisha betri mbovu. Lakini hata paneli nzuri ya nyumbani haiendeshi mashini ya kusaga mihogo, wala ya kuchomelea vyuma, wala chumba cha kugandishia samaki wa Lualaba ili wasiuzwe kwa bei ya kutupa saa sita mchana. Kijana aliyejifunza ufundi wa umeme akarudi kijijini hana cha kufunga. Atapanda pikipiki za watu au ataingia shimoni kutafuta kasiteriti. Tena kuna jambo la haki: Katiba haikusema kila mtu ajinunulie haki yake sokoni.

Kuna nishati nyingine ambayo mijadala ya Kinshasa huipita haraka, labda kwa sababu haina waya. Ni kuni na makala. Ndizo zinazopika karibu kila chakula kinacholiwa Kailo na sehemu kubwa ya kile kinacholiwa Kindu. Sheria ya 2014 ni ya umeme tu. Miti imeachiwa Kanuni ya Misitu ya mwaka 2002, ambayo huutazama mti kama mbao zaidi kuliko kama moto wa jikoni. Matokeo yake, mzigo ulio mgongoni mwa dada zetu hauna wizara. Kila mwaka miti inarudi nyuma na mwendo unaongezeka. Anayetaka kurekebisha sheria za nishati za nchi hii, aingie kwanza jikoni. Majiko yanayotumia makala machache, mashamba ya miti inayokua upesi karibu na miji, haki ya kijiji juu ya msitu unaokatwa kulisha mji: mambo hayo yanastahili vifungu vyake, tena si vya mwisho.

Tusiwe wepesi wa kuamini karatasi, hata hivyo. Nchi yetu ina sheria nzuri zilizolala. Kifungu cha 175 cha Katiba chaagiza asilimia 40 ya mapato ya taifa yabaki majimboni, yakikatwa papo hapo yanapopatikana. Mnajua wenyewe kama shule na barabara za Maniema zinaonyesha dalili za asilimia 40 hiyo. Ndiyo maana tunasisitiza tarehe, mgawo na adhabu ndani ya maandishi. Sheria isiyosema nani ataadhibiwa na lini ni barua ya salamu.

Wala tusimalize hasira yetu yote kwa Kinshasa. Kifungu cha 204 cha Katiba kinayapa majimbo kazi ya kutunga mipango ya nishati yenye faida kwa jimbo, na sheria ya 2014 iliwapa magavana nafasi yao katika miradi ya ndani ya jimbo. Bunge la jimbo linakaa Kindu, mwendo wa pikipiki kutoka kwetu. Mpango wa nishati wa Maniema uko wapi? Mito inayofaa imepimwa lini? Tukumbuke pia kwamba teritware ya Kailo, kwa sheria ya mwaka 2008 juu ya ugatuzi, haina utu wa kisheria wala mfuko wake. Sekta na sheferi ndizo zenye navyo. Mgawo wowote tunaoudai utapokelewa huko, kwa hiyo wanaozisimamia nao waulizwe mapema watauwekaje na nani atahesabu.

Tukija kwenu, ndugu vijana. Miongoni mwenu wapo wa Bilenge ya Mwinda, jina ambalo maana yake ni vijana wa mwanga, na wengi wenu mnakutana jioni kwa tochi ya simu. Hatuwaiti kwenye maandamano. Tunawaita kwenye kazi ya kuchosha zaidi: kusoma na kuandika. Kifungu cha 142 cha Katiba chaitaka serikali isambaze kila sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, katika siku 60 tangu kutangazwa. Hakuna kikundi chetu kilichowahi kushika sheria ya umeme kwa Kiswahili. Basi hilo liwe dai la kwanza, kwa maana hatuwezi kuulizwa maoni juu ya maandishi yaliyofichwa katika lugha ambayo mama zetu hawaisomi.

Kifungu cha 27 kinampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa wakuu wa dola, peke yake au pamoja na wengine, nao wanapaswa kujibu katika miezi mitatu. Tunapendekeza kila kikundi kiandike lake kabla ya mwisho wa msimu huu, kurasa mbili, bila matusi na bila kubembeleza: tafsiri ya sheria, kiwango cha chini kwa vijiji vya kila jimbo, sehemu ya umeme na ya malipo kwa wenyeji wa mto, tozo ya kudumu, na kuni zihesabiwe. Watie sahihi vijana, na wazee wakiombwa hawatakataa. Asiyejua kuandika aweke kidole. Nakala moja iende kwa wabunge wa taifa waliochaguliwa Kailo, nyingine kwa bunge la jimbo Kindu, na ya tatu, yenye muhuri na tarehe ya kupokelewa, ibaki kwa katibu wa kikundi, kwa maana miezi mitatu itahesabiwa kuanzia tarehe hiyo.